Vipande vya Kopo la Shangazi

Nilipomaliza darasa la saba nilipatwa na ugonjwa wa kutotulia. Nikikaa kwenye benchi la barazani kwa shangazi, mguu wa kulia ulitikisika wenyewe mpaka benchi likaanza kulia. Shangazi alikuwa fundi cherehani pale Karatu. Alinitupia jicho bila kuacha kushona, akasema, "Kama unataka kukanyaga, njoo ukanyage hapa, angalau nguo ya mtu itoke." Sikwenda. Cherehani sikutaka hata kuiona. Nilichotaka ni barua.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya sabini, na nafasi za sekondari zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Shule nzima wakichaguliwa wawili, mwalimu mkuu alitembea kifua mbele mwaka mzima. Wazazi wangu walikuwa wakulima upande wa Mbulu, na shule ya kule kwetu iliishia darasa la nne, kwa hiyo baba alinileta kwa dada yake ili nisome mpaka la saba. Sasa la saba lilikuwa limekwisha. Nikichaguliwa, naondoka. Nisipochaguliwa, nabaki kwenye lile benchi, kisha kwenye ile cherehani, kisha naolewa na mtu wa shamba la ngano na kuzeeka nikitazama magari ya watalii yakipanda kwenda kreta, kwenye bonde la wanyama. Ndivyo nilivyoyaona mambo nikiwa na miaka kumi na minne, na hakuna aliyeweza kuniambia vingine. Kila gari lililosimama barabarani, nilinyanyuka. Vumbi jekundu lilipotulia nilikuta ni mtu wa mahindi au mtu wa kuku, nikarudi kukaa, na mguu ukaanza tena.

Shangazi yeye alikuwa ametulia mpaka inaudhi. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na cherehani, mkasi ambao hakuna aliyeruhusiwa kukatia karatasi, na daftari la jalada gumu lililokaa juu ya meza. Penseli aliichomeka sikioni asubuhi na kuitoa akienda kulala. Mteja akija, aliingia naye nyuma ya pazia, akampima, kisha wakatoka wote wawili, na shangazi akafungua daftari mbele yake na kuandika taratibu, midomo ikicheza. Wateja walipenda sana hilo daftari. Mafundi wengine walipima leo wakasahau kesho, ukaletewa suruali ya jirani. Kwa shangazi nguo ilikukaa. Hata maofisa wa elimu ya watu wazima walipopita nyumba kwa nyumba kuandikisha wasiojua kusoma, waliona daftari na penseli, wakamsalimia kwa heshima na kupita.

Mwezi wa Desemba kwaya ya kanisani kwetu ilipata jora la kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Nguo zilikuwa adimu wakati ule, watu walipanga foleni dukani kwa ajili ya khanga moja, na sijui wazee wa kanisa walilitoa wapi. Walimpa shangazi ashone majoho ishirini na mawili ya Krismasi. Wanakwaya wakaja wakapimwa wote siku moja, Jumamosi, wakipeana zamu nyuma ya pazia na kucheka. Mimi nilikuwa nimetumwa maji, na nilijichelewesha makusudi kwa sababu sikupenda kuulizwa na kila mtu kama barua imeshafika.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa kwaya, ambaye pia alitufundisha shuleni, aligomba kwamba watu wanakunja pembe za vitabu vya nyimbo. "Vitabu vimekuwa na masikio kama mbuzi," alisema. Nikapata wazo. Nilikuwa natafuta kitu chochote cha kushika mikononi, na kushona kwa mkono hakukunichukiza kama cherehani, kwa sababu ungeweza kushona huku unatembea. Nitawashonea wanakwaya alama za vitabu, za kitambaa, kila mtu yake.

Chini ya meza kulikuwa na gunia la mabaki ambalo shangazi aliniruhusu kuchukua. Nililimwaga lote. Yalikuwa mapembetatu na vijipande vya kwapa, hakuna hata kimoja kilichofika urefu wa kitabu. Nilikaribia kuacha. Ndipo nikakumbuka kopo.

Lilikuwa kopo la biskuti, la bati, juu ya kabati. Nilijua lina vitambaa kwa sababu nilishamwona shangazi akitumbukiza kimoja. Nilipolifungua nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Vipande virefu, vyembamba, upana wa vidole viwili, vimelala sambamba kama vilikatwa kwa ajili yangu. Kimoja cha kitenge cha njano chenye madoadoa. Kimoja cha kaki. Kimoja cha khanga iliyopauka, kimoja cha tetroni ya buluu. Vya juu vilifungwa pamoja kwa uzi, na nilipovihesabu vilikuwa ishirini na viwili. Nikaona ni Mungu.

Kasoro yake ilikuwa moja: kingo zililiwa. Kila kipande kilikuwa na vimeno viwili vitatu pembeni, na vingine vilifungwa fundo ncha moja. Panya, nikawaza, na nikamlaumu shangazi kwa uzembe wa kuacha kopo wazi. Nilifungua mafundo yote, nikavinyoosha vipande kwa pasi ya mkaa, nikakunja kingo kwa ndani ili meno yale yasionekane, nikaweka kitambaa cha marekani nyuma na kushona kuzunguka kwa mshono mfupi mfupi. Kwenye ncha nikaning'iniza uzi mwekundu. Ya shangazi niliiunga kwa vijipande vya gunia, naye akadhani zote zimetoka humo. Nilifanya kazi hiyo siku nne, barazani, njiani, kisimani, na kwa siku nne mguu wangu ulinipumzisha. Jumapili baada ya ibada nikazigawa. Zilikuwa ndefu kidogo, zikatokeza nje ya vitabu kama ndimi, lakini watu walizipenda. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mwalimu mkuu.

Jumatatu asubuhi shangazi alilitandaza jora mezani, akanoa mkasi, akapanda kwenye kigoda na kushusha kopo. Nilikuwa barazani. Sikusikia kitu kwa muda mrefu, na hicho ndicho kilichonifanya nigeuke. Alikuwa amekaa chini, sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, kopo mapajani. Miaka mitatu sikuwahi kumwona amekaa hivyo.

"Vipande vyangu viko wapi?"

"Nimeshonea alama, Shangazi. Zile za jana kanisani."

Alianza kunijibu kwa Kiswahili akamalizia kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, jambo lililomtokea akikasirika tu. Kisha akasema polepole, "Yale ndiyo majoho. Umeyagawa majoho."

Sikuelewa. Akachukua kipande cha kaki kilichosalia chini ya kopo, cha mteja mwingine, akanionyesha kwa kidole. Jino hili bega. Jino hili mkono. Urefu wa kipande ni robo ya urefu wa mtu, toka shingoni hadi kifundo cha mguu, kwa sababu alimpima mtu kwa kamba, akaikunja kamba mara mbili, kisha mara mbili tena. Jino la tatu ni robo ya kifua, maana nguo hukatwa ikiwa imekunjwa. Na kitambaa chenyewe ndicho kilichomwambia mwenye kipimo: kila mtu alimkatia kipande kutoka kwenye mabaki ya nguo aliyomshonea zamani. Njano yenye madoadoa ni mke wa katekista. Tetroni ya buluu ni mwalimu. Fundo moja, bega la upande mmoja limeinama. Mafundo mawili, acha nafasi, tumbo litakua.

Nami nikasema, kama mtoto mjinga niliyekuwa, "Lakini si umeandika kwenye daftari?"

Shangazi alitazama barabarani.

"Daftari ni la watu," akasema.

Nilisikia masikio yangu yakiwaka moto. Niliishi na mwanamke yule miaka mitatu, nikala chakula chake, nikafanya masomo yangu ya jioni kwenye meza yake, na sikuwahi kuliona lililokuwa mbele ya macho yangu. Kanisani alishika kitabu sawasawa, msalaba wa jalada ulimwonyesha juu ni wapi, na nyimbo zote alizijua kwa moyo.

"Basi waite uwapime tena," nikasema.

"Wote ishirini na wawili waliniona nikiandika. Watauliza niliandika nini." Akainuka, akajikung'uta. "Nenda ukaniletee. Na usimwambie mtu kwa nini."

Nilikuwa kiguu na njia siku tatu. Kunyang'anya zawadi uliyotoa kwa mkono wako, hadharani, mlangoni pa kanisa, ni aibu ambayo siwezi kuieleza. Nilitunga uongo: kwamba uzi mwekundu unachuja rangi, utachafua vitabu, nitawaletea nyingine. Mke wa katekista alinitazama kutoka utosini hadi unyayoni na kuniambia kwamba kwao mtoto anayetoa kisha akanyang'anya huota kijipu jichoni. Mwalimu wa kwaya alinipa yake huku akicheka. "Mtu anayeondoka anakusanya vyake vyote," akasema, "hata alivyogawa?" Nilidhani ananisuta kwa sababu kila mtu alijua nilivyotamani kuondoka. Nilikasirika, karibu nimpokonye, nikaenda zangu. Hilo nalirudia kichwani mpaka leo. Ningesimama dakika moja tu, ningeuliza, "Kuondoka kwenda wapi, Mwalimu?"

Jioni shangazi alifumua. Alikata mishono yangu mmoja mmoja kwa wembe, akakunjua kingo, na meno yalikuwapo, yote, yamelala ndani. Kama ningeyakata badala ya kuyakunja, ingekuwa basi. Mafundo alikumbuka mwenyewe. Vilifika ishirini na kimoja. Cha ishirini na mbili kilikuwa Nainokanoka, juu kabisa, ng'ambo ya kreta.

Huko kulikuwa na mwanakwaya mmoja, mwanamke wa Kimasai aliyekuwa mhudumu wa zahanati. Alishuka Jumamosi na Jumapili mojamoja kuimba na kupanda tena, na sasa asingeshuka mpaka Krismasi yenyewe. Shangazi aliniombea nafasi kwenye lori la unga lililopeleka mzigo kwenye maduka ya juu. Tuliondoka alfajiri, tukapita langoni, tukazunguka ukingo wa kreta katika ukungu uliomfanya dereva atoe kichwa nje kuona njia. Nilikuwa na khanga mbili na meno yaligongana. Siku nyingine ningefurahi. Hatimaye nilikuwa ndani ya gari linalokwenda mahali. Lakini lilikuwa linakwenda upande usio wangu, na nilihesabu barua zilizokuwa zikifika Karatu mimi nikiwa sipo. Lori likaishia kwenye maduka. Mwendo uliobaki nilikwenda kwa miguu, nikipishana na ng'ombe.

Nilimkuta akipima watoto uzito. "Takwenya," nikamsalimia, na yeye akaitikia, "Iko," kisha akatoa macho. "Wewe si mtoto wa mama fundi? Mama ni mgonjwa?"

"Hapana. Nimefuata ile alama ya kitabu. Uzi wake unachuja."

"Umetoka Karatu, baridi yote hii, kwa sababu ya uzi?"

Nilinyoosha mkono nipewe. Aliichomoa alama kutoka kwenye daftari la kliniki, akaigeuza, akaipapasa kingo kwa dole gumba. Nililiona dole likisimama. Likarudi nyuma, likasimama tena.

"Humu ndani kumekatwa," akasema. "Hapa, na hapa. Sisi tunakata masikio ya ng'ombe hivi. Mtu hakati hivi bure. Hii ni ya nani?"

Nilichoka, nilisikia baridi, na niliichukia siri ya shangazi kuliko kitu chochote duniani. Nikasema, "Ni wewe."

Alinitazama usoni. Mtoto mmoja alikuwa analia kwenye mzani na hakumgeukia. Kisha akaikunja alama vizuri, akanipa, na hakucheka.

"Mwambie mama fundi, tangu anipime nimenenepa kidogo. Hapa mbavuni."

Hakuuliza jambo lingine. Nilimwamkia shikamoo ya kuondoka kana kwamba ni bibi yangu, na yeye hakuwa na zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Krismasi kwaya ilisimama na majoho ishirini na mawili ya damu ya mzee na hakuna hata moja lililoburuzika. Shangazi alikaa benchi la nyuma, kitabu mkononi, penseli sikioni chini ya kitambaa cha kichwa. Hatukuzungumza habari za daftari, si siku hiyo wala baadaye. Nilijua hajui kusoma, na bado sikujiuliza karatasi anazopewa huzipeleka wapi. Kichwa changu kilikuwa barabarani.

Mwaka mpya ukaingia. Katikati ya Januari nilimkuta msichana niliyesoma naye amesimama kituoni na sanduku la bati, mama yake pembeni anafuta machozi. Nilijikaza nikampa mkono.

"Na wewe bado uko hapa?" akaniuliza. "Shule yenu si ilifungua juzijuzi?"

"Shule gani? Mimi sikuchaguliwa."

"Tulichaguliwa wawili. Mimi na wewe. Mwalimu alinisomea majina."

Sikumbuki nilivyofika kwa mwalimu. Nakumbuka alivyosimama mlangoni na kitambaa cha kufutia ubao begani. "Barua nilimpa shangazi yako mkononi," akasema. "Siku ile ya kupimwa majoho. Aliipokea akaitazama, nikampa hongera, akasema asante sana. Nikajua umeambiwa."

Nilikimbia. Shangazi alikuwa anakanyaga cherehani.

"Barua yangu iko wapi?"

"Barua gani?" Aliuliza kweli, hakuwa anajitia hamnazo. Nilinyakua daftari. Akalishika upande wa pili kwa mikono miwili, na tukabaki hivyo, tukivutana juu ya meza, mimi na dada ya baba yangu. Kisha akaachia.

Ndani mlikuwa na vijiti na viduara, mistari na mistari, vimepangwa vizuri bila kuvuka pambizo, kurasa mia. Na katikati ya vijiti na viduara ilikuwapo bahasha ya serikali yenye jina langu. Alikuwa ameweka alama ya kitabu mahali pale, moja niliyomshonea yeye kwa mabaki ya gunia.

Nilisoma kwa sauti, kwa makusudi, ili kila neno limuume. Shule ya wasichana, mkoa mwingine. Tarehe ya kuripoti ilikuwa imepita siku tano.

"Umekaa na barua yangu wiki tano na zaidi! Kila siku unaniona nanyanyuka!"

"Alinipa hongera," shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikajua ni hongera ya majoho. Nikajua karatasi ni ya wazee wa kanisa."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na maneno, na mengine sikuwahi kuyatamka kwa mtu mzima. Lakini macho yangu yaliangukia kopo juu ya kabati, na nikakumbuka kwamba nilizishika mkononi barua ishirini na mbili za mwanamke huyu, nikazipiga pasi, na kusema ni panya. Hasira haikuondoka. Ilikosa tu mahali pa kukaa. Nililia kwa sauti mpaka watu wa dukani wakachungulia.

Shangazi alifunika cherehani. Alitoa koti lake, akavuta sanduku lililokuwa uvunguni, na ndani yake mlikuwa na sketi mbili za buluu na blauzi mbili nyeupe, zimekwishashonwa, zimekunjwa. Alizishona lini sijui. Alisema tu, "Sikujua kama barua itakuja. Nilijua wewe utaondoka."

Tulisafiri siku mbili, tukibadilisha mabasi, na njia nzima hakuna aliyemsemesha mwenzake isipokuwa kuhusu sanduku. Ofisini kwa mkuu wa shule walikuwapo wazazi wengine wawili wakisubiri, mmoja amevaa suti. Mkuu wa shule aliitazama barua, akaitazama kalenda. "Tarehe imepita wiki nzima," akasema. "Nina orodha ya wanaosubiri. Barua si mliisoma?"

Niliona mkono wa shangazi ukipanda kwenye sikio. Nilijua atakachofanya. Atachukua penseli, atatikisa kichwa, atasema barabara zilikuwa mbovu, atasema mtoto aliugua, na mtu mwenye suti ataamini. Aliichomoa penseli akaiweka juu ya meza ya mkuu wa shule.

"Mimi sijui kusoma," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja kipimo. "Barua ilifika mapema. Niliiweka tu, sikumwomba mtu anisomee, kwa sababu ya aibu yangu. Kosa ni langu, mtoto hana kosa."

Mwenye suti aliangalia viatu vyake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, na papo hapo nilitamani wote wainuke wampe kiti. Mkuu wa shule alivuta kitabu cha wanafunzi, akaandika jina langu, akakigeuza upande wetu na kusukuma kalamu ili mlezi atie sahihi. Shangazi aliisogeza kalamu kando.

"Naomba wino wa dole gumba," akasema.

Alipomaliza alijifuta dole kwa kipande cha damu ya mzee kilichokuwa kwenye mfuko wa koti, akanishikiza wakati anafunga vifungo, kwa sababu basi la kurudi lilikuwa linaondoka saa nane. Hakukikumbuka. Nilikikunja kingo zisitoke nyuzi, nikakishona kwa mkono, na ndicho kilichokaa kwenye vitabu vyangu miaka yote minne. Nilikifua mara nyingi na alama ya dole haikutoka.